Binti yangu ameingia mashindano ya vijana ya piano na ogani huku Uskoti, kipengele cha muziki wa Kiskoti. Njooni tujadili

MamaNota_Aberdeen (mwanzisha uzi)

Habari za humu, wakubwa shikamooni.

Nina binti wa miaka 14, tunaishi Aberdeen mwaka wa tisa sasa. Piano alianza akiwa na miaka sita. Ogani alianza miaka mitatu iliyopita, miguu ilipofikia pedali bila yeye kuteleza kwenye benchi. Mwaka huu amejiandikisha kwenye mashindano ya vijana ya huku kwetu, piano na ogani zote mbili, na kipengele alichochagua mwenyewe ni cha muziki wa Kiskoti. Masharti ni mafupi: kipande kimoja au viwili vya mtunzi Mskoti, au vilivyojengwa juu ya wimbo wa asili wa Uskoti, visizidi dakika sita kwa piano na dakika nane kwa ogani.

Nilitafuta kwa Kiswahili mzazi aliyepita njia hii, sikumpata. Najua huku ughaibuni tuko wengi wenye watoto wanaopiga kinanda kanisani na shuleni, na najua huko nyumbani wako walimu wanaoandaa vijana kwa mitihani na matamasha. Kwa hiyo nitaandika hapa kila tunachojifunza mpaka siku yenyewe, nanyi mnisahihishe.

Naanza na kosa letu la kwanza. Orodha ya binti yangu ilianza na Amazing Grace. Huku unausikia ukipigwa kwa bagipaipu, ile zumari ya mfuko, kwenye harusi na kwenye misiba, nani angedhani si wa Kiskoti? Mwalimu wake akaukata kwa kalamu. Maneno ni ya John Newton, Mwingereza, na sauti tunayoijua sote iliunganishwa na maneno hayo Marekani mwaka 1835. Walioubandika Uskoti ni bendi ya jeshi, Royal Scots Dragoon Guards, ambao rekodi yao ya mwaka 1972 ilishika namba moja Uingereza nzima. Kabla ya kuuliza mtoto anaweza kupiga nini, ikabidi turudi nyuma tuulize kipi hasa ni cha Kiskoti.

---

Mwalimu_wa_Vidole

Mama, hongera kwa binti na pole kwa kazi iliyo mbele. Mimi nafundisha piano Nairobi na kila mwaka naandaa wanafunzi wa Kenya Music Festival, kwa hiyo habari ya kusoma masharti mara tatu naijua vizuri.

Nikuongezee mitego miwili. Wa kwanza ni vipande vinavyoitwa "Ecossaise". Beethoven ameandika, Schubert ameandika, Chopin ameandika. Jina ni Kifaransa, maana yake "ya Kiskoti", lakini ilikuwa dansi ya kumbi za Ulaya bara na ndani yake hutakuta wimbo wa Uskoti. Mwanafunzi akiona jina anafurahi, ni vipande vyepesi na vitamu, kumbe kwa sharti lenu havimo.

Wa pili ni Mendelssohn. Alitembea Uskoti mwaka 1829 akiwa na miaka 20, akaona magofu ya Holyrood, akafika pango la Fingal kwenye kisiwa cha Staffa, na safari ile ikamzalia kazi kubwa. Ana hata fantasia ya piano, Opus 28, ambayo mwenyewe aliiita sonata ya Kiskoti. Lakini ni Mjerumani na sauti ni zake. Nzuri sana, ila isubiri kipengele kingine.

Ushauri wangu ni mmoja: chukua kipande kidogo kuliko uwezo wake. Akiwa na uwezo wa gredi ya sita, mpe cha gredi ya nne, ule muda unaobaki autumie kujua muziki wenyewe unatembeaje. Majaji wamesikia vidole vya haraka maisha yao yote.

---

MamaNota_Aberdeen

Mwalimu, asante sana. Hilo la kipande kidogo ndilo tulilogombania nyumbani wiki nzima.

Binti alitaka Farewell to Stromness ya Peter Maxwell Davies. Ni kipande cha mwaka 1980. Wakati ule kulikuwa na mpango wa kuchimba urani kwenye visiwa vya Orkney, karibu na mji wa Stromness, na mtunzi akaandika onyesho la kuupinga. Hicho ni kipande cha piano ndani ya onyesho hilo. Mkono wa kushoto unatembea polepole mwanzo hadi mwisho, na ule mwendo ni wa watu wa Stromness wakiyaacha makazi yao. Binti yangu anakipenda mpaka machozi. Vidole vyake vinakiweza.

Lakini mtunzi alizaliwa Salford, Uingereza, akahamia Orkney mwaka 1971 akaishi huko mpaka kufa mwaka 2016. Je, ni Mskoti? Nikamwandikia katibu wa mashindano. Akajibu siku ya pili kwamba kwa kipengele hiki wanamkubali, kwa sababu kipande kimetoka Orkney na kinahusu Orkney. Nawashauri wazazi wote: andikeni barua, ulizeni. Katibu hachukii kuulizwa kabla. Anachokichukia ni kubishana siku ya mashindano.

Mwishowe tulikiacha, na sababu si uraia wa mtunzi. Kikipigwa kwa mwendo wake kinamaliza karibu dakika zote, na mwalimu alitaka jaji asikie sura mbili za Uskoti. Basi tukaenda kwa wapiga fidla. Huku mpiga fidla hupanga nyimbo kwa seti: anaanza na wa polepole, anaingia strathspey, dansi ya Kiskoti ya mwendo wa kati, anamaliza na rili ya mbio. Tukachukua hatua mbili za kwanza.

Wa polepole ni maombolezo ya Niel Gow kwa kifo cha mke wake wa pili. Gow alizaliwa mwaka 1727 Strathbraan, Perthshire, akakulia kijiji cha Inver, akafa 1807. Huyo mke, Margaret Urquhart, alifariki 1805, kwa hiyo ni wimbo wa mzee wa miaka karibu 80 anayemlilia mwenzake. Strathspey ni The Miller o' Hirn ya James Scott Skinner, ambaye ni mtu wa huku kwetu hasa: kazaliwa Banchory mwaka 1843, kafa 1927, kazikwa hapahapa Aberdeen. Jumamosi moja tulikwenda na maua kwenye kaburi lake.

---

BabaWatatu_Leeds

Dada, swali la haraka. Nota mnapata wapi? Mimi wangu namchapishia tu kutoka intaneti.

---

MamaNota_Aberdeen

Kaka, hapo simama kidogo. Kwenye mashindano ya huku mshiriki anapiga kutoka kwenye nota halali, na jaji anapewa nakala yake. Kutoa kopi kitabu chenye hakimiliki bila ruhusa kunaweza kumwondoa mtoto. Miaka miwili nyuma, kwenye mashindano mengine, tulifika na kurasa zilizotolewa kopi na binti yangu akaambiwa atapiga lakini hatapewa alama. Alipiga hivyohivyo, nikamwona bega linavyotetemeka. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeshika masharti mkononi.

Gow na Skinner wamekufa zamani, nyimbo zao hazina mwenyewe sasa. Mwalimu wake amezipanga kwa piano kwa mkono wake, akasaini, akaandika tarehe, na tumetuma nakala pamoja na fomu. Lakini angalia: wimbo ukiwa wa zamani, mpangilio wa juzi juu ya wimbo huohuo una mwenyewe. Maxwell Davies yeye ni wa kununua, hakuna njia nyingine.

---

Zumari_la_Lamu

Mimi si mtu wa piano, lakini umetaja zumari ya mfuko nikasogea. Babu yangu alikuwa mpiga zumari. Yeye hakuwa na mfuko, mashavu yake ndiyo yalikuwa mfuko: anavuta pumzi kwa pua huku anatoa kwa mdomo, sauti haikatiki kuanzia bwana harusi anatoka nyumbani mpaka anafika. Hawa Waskoti nao sauti haikatiki? Na kama haikatiki, wanatenganishaje nota mbili zinazofanana zikifuatana? Babu alikuwa na ujanja wa kidole, kidole kinagusa na kuondoka kama kimeungua.

---

MamaNota_Aberdeen

Kaka wa Lamu, umegusa penyewe. Huo ujanja wa babu yako ndio moyo wa jambo lote na mimi nilichukua miezi kuuelewa.

Mpiga bagipaipu hawezi kuinyamazisha filimbi katikati ya wimbo. Hewa inatoka mfukoni muda wote, na nguvu yake ni ileile, hawezi kupiga nota moja kwa sauti kubwa na nyingine kwa ndogo. Filimbi ina nota tisa tu. Juu ya bega kuna mirija mitatu inayovuma nota ileile bila kubadilika, miwili oktava moja chini ya nota yao ya A, mmoja oktava mbili chini. Basi akitaka kutenganisha nota mbili zinazofanana, au kuipa nota uzito, anaingiza nota ya pambo, fupi mno, kidole kinagusa kinaondoka. Masikio yanasikia kama ngumi ndogo. Babu yako angekaa nao wakaelewana bila mkalimani.

Sasa angalieni ogani. Nayo ni hewa kwenye mirija. Ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti ni ileile. Mtoto aliyetoka kwenye piano anaegemea kibonye akidhani anatia mkazo, kumbe msikilizaji hasikii chochote. Mkazo wa ogani unatengenezwa kwa ukimya: unaikata mapema kidogo nota iliyotangulia, na inayofuata inasimama. Binti yangu alikuwa anaambiwa hivyo na mwalimu wa ogani tangu mwanzo, ikawa inaingia sikio hili inatokea lile. Siku tuliyokaa mita mbili kutoka kwa kijana anayepiga bagipaipu, akaangalia vidole vyake, ndipo ikaingia. Alirudi kwenye ogani jioni ileile.

Kwa hiyo mkiniuliza mtoto afanye nini kabla hajagusa nota za muziki huu, nitasema akasimame karibu na mpiga bagipaipu, kisha karibu na mpiga fidla, kisha aangalie watu wakiicheza hiyo strathspey kwa miguu. Karatasi ije baadaye. Kwenye karatasi utaona A, lakini bagipaipu ikipiga A unasikia kitu kilicho juu kidogo ya B bemoli. Karatasi yao yenyewe haisemi kila kitu.

---

Mwalimu_wa_Vidole

Na ule mdundo wao mfupi-mrefu je? Mimi wanafunzi wangu unawasumbua sana hata kwenye mitihani ya kawaida.

---

MamaNota_Aberdeen

Huo ndio uliotutoa jasho. Waskoti wanauita snapu. Nota fupi inatangulia, ndefu inafuata: ta-taam. Kwa maandishi ni robo ya pigo, halafu robo tatu. Shida haiko kwenye hesabu. Shida ni kwamba ile fupi ndiyo inayokaa juu ya pigo na ndiyo yenye mkazo.

Na hapa nina jambo ambalo mwalimu wake Mskoti hakuweza kuniambia, nimeliona mwenyewe kwa sababu nyumbani tunaongea Kiswahili. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ile silabi tunairefusha. Tunasema "baaba", "kesho kutwa asubuuhi". Sikio la mtoto wa Kiswahili linajua kwamba penye mkazo pana urefu. Sasa unampa muziki ambao penye mkazo pana ufupi. Anachofanya ni kuisukuma ile fupi nyuma, inageuka kuwa kidato cha kupandia kwenye ndefu, na strathspey inakuwa wimbo wa kubembelezea mtoto. Waskoti wana maneno mengi ambayo silabi ya kwanza imekatwa fupi na ina nguvu, kwa hiyo mdundo huu wanao mdomoni kabla ya kuwa nao vidoleni.

Dawa yetu: tulichukua neno "kaka". Semeni "ka" ya kwanza kama mnavyogonga mlango kwa kifundo cha kidole, kavu na kali, halafu "kaa" ya pili iachwe ivute. KA-kaa. KA-kaa. Tulipika ugali tukisema hivyo, tulipanda basi tukisema hivyo. Wiki ya tatu akakaa kwenye piano akapiga mistari minane ya The Miller o' Hirn, na mimi nikiwa jikoni nikajikuta kisigino kinagonga sakafu.

---

Mwalimu_wa_Vidole

Mama, miaka 22 nafundisha na sijawahi kuufikiria hivyo. Naanza Jumatatu na "kaka".

---

Kinanda_Mwika

Bwana asifiwe. Mimi ni mpiga kinanda wa usharika mmoja wa KKKT huku Kilimanjaro. Dada umeeleza piano vizuri, ila ogani umetupitisha haraka. Mtoto anapiga nini? Mimi nilifikiri nchi yenye makanisa ya mawe makubwa namna ile itakuwa na vitabu na vitabu vya muziki wa ogani wa kwao.

---

MamaNota_Aberdeen

Amina, kaka yangu. Hata mimi nilifikiri hivyo, na tulipotafuta tukakuta uhaba, nikataka kujua kwa nini.

Kanisa la Uskoti baada ya matengenezo ya dini liliimba zaburi bila chombo. Anasimama kiongozi, anatoa sauti, kusanyiko linafuata. Ogani waliiita "kist o' whistles", sanduku la filimbi, na halikuwa jina la sifa. Mwaka 1807 mchungaji mmoja wa Glasgow alithubutu kuipiga ibadani kwenye kanisa la St Andrew, na baraza la wachungaji likamzuia. Ni mpaka miaka ya 1860, pale Old Greyfriars Edinburgh, mchungaji Robert Lee alipoingiza harmonia, kinanda kidogo cha upepo, mwaka 1863 na ogani mwaka 1865, ndipo mlango ukafunguka. Fikiria Ujerumani wakati huo: Bach amekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kila usharika una mpiga ogani. Huku hakukuwa na ajira ya mpiga ogani ndani ya kanisa la taifa, kwa hiyo hakukuwa na wa kumtungia.

Wameziba pengo karne ya ishirini. Kenneth Leighton, Mwingereza aliyekuwa profesa Edinburgh, ana kazi iitwayo Martyrs juu ya sauti ya zaburi ya Kiskoti, ila ni ya watu wawili kwenye ogani moja. Judith Weir ana Ettrick Banks. James MacMillan, mzaliwa wa Kilwinning, aliandika Gaudeamus in loci pace kwa ajili ya watawa wa Pluscarden, kaskazini magharibi ya hapa. Hizo zote ni nzuri, na kwa mtoto wa miaka mitatu ya ogani zote ni mlima.

Tukarudi kwenye zaburi zenyewe. Kitabu cha zaburi cha Uskoti cha mwaka 1615 kina sauti waliyoiita French. Waingereza wanaiita Dundee. Hubert Parry, Mwingereza, aliitungia prelude (kipande cha utangulizi) ya ogani iliyotoka mwaka 1912. Mtunzi si Mskoti lakini sauti ni ya Uskoti, sharti la pili linaruhusu. Kwenye fomu tuliandika majina yote mawili ya sauti hiyo. Nawaombeni msilipuuze hili, jaji mwenye kitabu cha huku akitafuta Dundee anaweza kufungua ukurasa mwingine kabisa.

---

MjukuuWaThogoto

Natoa machozi huku. Mimi ni wa PCEA, kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, nimekulia Kikuyu, Kiambu. Misheni ya Waskoti ilihamia kwetu kutoka Kibwezi mwaka 1898, na lile kanisa la mawe pale Thogoto, Church of the Torch, lilijengwa wakati wao. Cucu wangu, yaani bibi yangu, alikuwa anaimba Zaburi ya 23 kwa sauti moja ambayo nilidhani ni ya Wakikuyu. Nimehamia Edinburgh, Jumapili ya kwanza kanisani wakaanza sauti ileile. Nikashindwa kuimba. Niliambiwa inaitwa Crimond.

---

MamaNota_Aberdeen

Ndugu yangu, Crimond ni kijiji, kiko kaskazini ya hapa ukielekea Fraserburgh. Tumefika. Sauti hiyo ilichapishwa mwaka 1872 na watu wamebishana sana nani hasa aliitunga, lakini wengi wanampa Jessie Seymour Irvine, binti wa mchungaji wa hapo. Inasimuliwa kwamba aliiandika kama zoezi wakati anajifunza ogani. Binti yangu alipoisikia habari hiyo aliniuliza mara mbili kama ni kweli, msichana anayejifunza ogani, kijiji hicho kidogo. Sasa kila akipasha vidole moto anaanza na Crimond. Nitamwambia kuhusu cucu wako.

---

Ngoma_Haivumi

Samahani kuingilia. Sina ubaya na mtu. Lakini mtoto wetu kukesha na muziki wa Waskoti wakati wa kwetu haujui, hili mnalionaje? Kuna siku Mskoti atamfundisha mwanawe msondo?

---

MamaNota_Aberdeen

Swali lako ni la haki na nimeliwaza usiku mwingi.

Binti yangu anaishi kwenye mji huu. Hizi ndizo sauti za mtaa anaokulia, na kuzijua vizuri ni adabu kwa mwenyeji. Kichagga anasikia kwa bibi yake kwa simu kila Jumapili, na kwaya za nyumbani anaziimba zote kwa sol-fa. Havijagombana ndani yake.

Na sikiliza hili. Kuna mtunzi anaitwa Ronald Stevenson, 1928 hadi 2015. Ana kazi moja ya piano, Passacaglia on DSCH, inakwenda zaidi ya saa nzima bila kusimama. Ndani yake ameweka maombolezo ya bagipaipu, na mahali pengine mpiga piano anaingiza mikono ndani ya piano kupiga nyuzi kama ngoma, sehemu aliyoiandika kwa ajili ya Afrika inayochomoza. Aliipiga mwenyewe kwa mara ya kwanza Cape Town, Desemba 1963. Desemba ile ile Kenya na Zanzibar zilipata uhuru. Aliyekuwa mkuu wa muziki pale Chuo Kikuu cha Cape Town ni Erik Chisholm, mtu wa Glasgow, aliyeandika konseto ya piano juu ya muziki wa bagipaipu. Mskoti alisikia ngoma yetu akaipa nafasi kando ya maombolezo ya kwao. Binti yangu anasema akiwa mkubwa ataipiga ile sehemu. Stevenson ana pia vipande vinne vidogo alivyowaandikia watoto, A Wheen Tunes for Bairns tae Spiel, na wenye watoto wa miaka tisa au kumi waanzie hapo.

---

Ngoma_Haivumi

Nimekuelewa, dada. Naitafuta hiyo Passacaglia.

---

Dada_wa_Kelvin

Mliopo karibu na Glasgow: jumba la makumbusho la Kelvingrove lina ogani ya mwaka 1901 iliyojengwa na kampuni ya Lewis, na karibu kila siku saa saba mchana mtu anaipiga, bure. Mpelekeni mtoto akae juu ghorofani aone mikono na miguu. Mimi nilianza kupenda ogani pale nikiwa mwanafunzi nisiye na hela ya tiketi ya tamasha.

---

MamaNota_Aberdeen

MREJESHO

Mashindano yalikuwa jana. Naandika nikiwa bado nimechoka, mnivumilie.

Ogani ilikuwa asubuhi, kanisani. Kila mtoto alipewa dakika kumi za kuzoea ogani siku moja kabla. Ile anayofanyia mazoezi ina safu mbili za vibonye, hii ilikuwa na tatu, na pedali zimekaa kwa mpinda tofauti. Alitumia dakika saba kuchagua stopu, yaani vishikio vya kuchagua safu za mirija, na tatu tu kupiga. Mwalimu alisema ndivyo inavyotakiwa: alikaa baba yake nyuma kabisa ya kanisa, akainua mkono kila besi ya futi 16, ile mirija ya sauti nzito, ilipomeza sauti ya juu. Ukiwa umekaa kwenye benchi hulisikii hilo. Kanisa la mawe linarudisha sauti, na ule ukimya mdogo kati ya nota aliojifunza ukawa unajazwa na mwangwi. Ikabidi aukate zaidi, usiku mmoja kabla ya siku yenyewe.

Walikuwa washiriki watatu tu wa ogani. Amekuwa wa pili. Jaji alisimama mbele ya watu wote, kama desturi yao, akazungumza na kila mtoto kwa jina. Kwake alisema alisikia watu wakivuta pumzi kati ya mistari ya zaburi, kana kwamba kusanyiko lilikuwepo. Halafu akamwonyesha mahali pedali zilikuwa zinakimbilia mbele ya mikono, na ni kweli, zilikimbia.

Piano ilikuwa alasiri, washiriki kumi na moja. Hakupata nafasi tatu za juu. Maombolezo ya Gow aliyapiga polepole mno, woga ulimfanya aogope kusogea, na jaji akaandika kwamba hata anayelia anatembea. Lakini alipoingia The Miller o' Hirn mzee mmoja mstari wa mbele alianza kugonga kidole kwenye goti. Kwenye karatasi ya alama jaji ameandika kuhusu snapu: "Nani amekufundisha hivi?" Binti alinipa karatasi garini, akaweka kidole hapo, hakusema kitu.

---

Mwalimu_wa_Vidole

Mama, mfikishie salamu zangu. Wanafunzi wangu wawili tayari wanasema "kaka" kwenye matatu.

---

Kinanda_Mwika

Hongera kwake na kwako. Dada, nina ombi. Kinanda chetu hakina pedali, ni kile cha umeme cha safu moja. Ile sauti ya French ya mwaka 1615, naweza kuipiga kwa mikono tu kabla ya ibada?

---

MamaNota_Aberdeen

Unaweza kabisa, kaka. Sauti yenyewe ni mistari minne mifupi. Piga kwanza sauti peke yake bila kitu chini yake, kama walivyokuwa wanaimba kabla ogani haijaruhusiwa, kisha rudia na sauti nne. Usiikimbize. Kata kidogo mwisho wa kila mstari, watu wavute pumzi. Binti amesema atakuandikia kwa sol-fa leo jioni, nitaiweka hapa akimaliza.